Naenda kotini mara ya kwanza kwa kesi ya ajali, nijitayarishe vipi?

Swali: "Asalam aleikum wakili. Mie ni mama wa watoto wawili naishi Mikindani hapa Mombasa. Mwaka juzi nilikua nimebebwa na bodaboda, karibu na Changamwe tukagongwa kwa nyuma na matatu, mguu wa kulia ukavunjika nikatiwa chuma hospitali ya Makadara. Kesi imezungushwa mpaka nimechoka, sasa wakili wangu aniambia mwezi ujao inasikizwa na mimi ndo shahidi wa kwanza. Sijawahi kuingia kotini maisha yangu. Niende na nini, nijitayarishe vipi, na hao mawakili wa bima watanifanya nini? Kadi ya hospitali pia jina liko tofauti kidogo na la kitambulisho. Shemeji yangu aniambia nikifika mbele ya hakimu nilie sana."

Waaleikum salaam dadangu, pole kwa mguu. Wacha nianze na huyo shemeji manake naona ndo wakili wako wa pili. Usilie. Yaani kama umekumbuka ile siku na machozi yamekuja yenyewe, lia, utapewa dakika mbili ujipanguse uendelee na hakuna atakaekulaumu. Lakini kulia kwa mpango, hao mahakimu wanasikiza kesi za ajali wiki nzima, machozi ya kupangwa wanayajua kabla hujatoa leso. Na machozi hayaandikwi kwa faili. Kinachoandikwa ni maneno, na siku ya hukumu hakimu atakua ofisini kwake na zile karatasi tu, wewe hupo.

Mie nilianza kazi hii nikiwa upande wa bima, nikisimama kuwauliza watu kama wewe maswali, ndo baadae nikahamia upande wa walioumia. Kwa hivo hili la "watanifanya nini" nalijua kwa mikono yangu. Wakili wa bima, yule anaesimama upande wa matatu, hatafuti uongo mkubwa, nadra sana kuupata. Anatafuta pale ambapo mdomo wako unasema hivi na karatasi yako inasema vile. Akipata pahali patatu kama hapo anakaa chini, maswali yameisha, na wewe utadhani amekuachia kumbe ashapata alichokijia.

Sasa karatasi ya kwanza ni statimenti yako. Ile ulioweka sahihi siku kesi inafunguliwa, pengine ukiwa bado na magongo, umesimama kwa dawati la karani wa wakili unaambiwa weka sahihi hapa na hapa. Nna hakika imeandikwa Kiingereza na nna hakika hukuisoma. Siku ya kesi wakili wako atakuuliza ni yako na sahihi ni yako, utasema ndio, na atamuomba hakimu iwe ndo ushahidi wako. Kuanzia hapo kila neno lililomo ni neno ulilotamka wewe kwa kiapo hata kama hujui maana yake. Kwa hivo nenda kwa wakili wiki mbili kabla, si jioni ya mwisho, mwambie nisomee yote kwa Kiswahili mstari kwa mstari, usione haya, hio ni haki yako na ndo kazi anayolipwa.

Nikupe mfano vile inavyokua. Statimenti za ajali nyingi zina ule mstari wa kila siku kwamba gari lilikuja kwa kasi kubwa mno. Wakili wa bima anaanza taratibu kabisa, tena na heshima.

"Mama, hio matatu ilikua na kasi?"
"Kasi sana."
"Iliwagonga kutoka wapi?"
"Nyuma."
"Na wewe ulikua umeangalia wapi?"
"Mbele."
"Sasa kasi uliionaje mama?"

Hapo ndo mtu anaanza kutapatapa, mara niligeuka, mara niliona kwa kioo, na akisema kioo anaulizwa kioo cha bodaboda abiria wa nyuma anakionaje, bas imeshakua kichekesho. Ilhali jibu la kweli lilikua rahisi na lilikua na nguvu zaidi: sikuiona, nilisikia honi, au nilisikia mngurumo, sisi tulikua upande wetu wa kushoto, hatujakata kona wala kusimama ghafla, tukagongwa nyuma. Gari kugonga kwa nyuma chombo kilicho upande wake, dereva ndo ana kibarua cha kueleza. Huhitaji kasi ya kilomita ngapi. Ukiona statimenti yako ina kitu ambacho hukukiona, mwambie wakili sasa, kuna njia ya kupeleka statimenti ya ziada kabla ya siku yenyewe, lakini asubuhi ya kesi ukiwa kwa korido hapana njia.

Na usiikariri. Wako watu wanaikariri kama juzuu, akiulizwa katikati anapotea inabidi aanze mwanzo. Isome mpaka uikumbuke ile siku, si mpaka uyakumbuke maneno.

Pili ni hilo la jina, na kwetu huku Pwani hii ni taabu ya kila siku. Kitambulisho kina Aisha, aliekupeleka hospitali ni jirani akasema Mwanaisha, karani akaongeza jina la mume badala ya la baba, polisi kwa abstrakti, ile karatasi yao ya ajali, wakaandika kivyao. Mbele ya wakili wa bima hao ni wanawake watatu tofauti na kila mmoja ana nusu ya ajali. Dawa yake ni hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, wewe, wakili aitayarishe na kuiweka kwa faili mapema. Ni karatasi moja tu, lakini lazima iwepo kabla.

Ukiwa hapo hapo chukua abstrakti ya polisi na fomu ya P3, ile ya polisi daktari hujaza vile ulivyoumia, uziangalie na macho yako: tarehe, saa, pahali, namba ya gari, jina lako. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, mwenye gari atasema hilo si langu, manake wakili wako atathibitisha mwenye gari kwa rekodi za NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na rekodi zinafuata namba. Abstrakti ikiwa imeandikwa uchunguzi bado waendelea usishtuke, ziko nyingi hivo, na yenyewe abstrakti haisemi nani ana makosa, inathibitisha tu kwamba ajali ilitokea na iliripotiwa. Muulize wakili kama yule dereva alishtakiwa kwa koti ya trafiki na kama alipatikana na hatia, hukumu ile ni silaha kubwa na watu huisahau kabisa. Muulize pia kama polisi ameitwa kuja na OB, lile daftari la matukio la kituo. Mara nyingi huja askari ambae hata hakufika pale siku ile, atasoma kilichoandikwa tu, bas ndo hivo.

Tatu ni daktari. Utakua na riporti mbili, ya daktari wako na ya yule daktari wa bima uliepelekwa akakupima dakika chache. Hio ya pili soma kwa makini kuliko ya kwanza manake ndani yake kuna yale uliomwambia siku ile. Kama ulimwambia sasa naendelea vizuri, kwa adabu tu vile mtu husema alhamdulillahi nnaendelea vizuri, ameandika mgonjwa asema amepona. Nimeona hili kwa macho yangu si mara moja. Adabu zetu hizi za kujibu salama hata nyumba ikiwaka zinawapotezea watu pesa kotini. Hakimu akikuuliza mguu uko vipi hapo si pahali pa kusema alhamdulillahi ukanyamaza, sema alhamdulillahi kisha ueleze.

Na kueleza kwenyewe, usiseme "naumwa sana", hilo kila mtu husema. Sema yale mambo madogo. Siwezi kuchuchumaa, choo cha shimo ni mtihani. Naswali nimekaa kwa kiti. Nguo nafua nimekaa, nikishuka ngazi natanguliza mguu mmoja kama mtoto, usiku wa baridi kile chuma nakihisi. Hakimu anapoandika "anaswali amekaa kwa kiti" hahitaji umfafanulie zaidi. Lakini liwe kweli, manake hao wa bima nao wana simu, wanaingia Facebook, kuna shahidi aliapa hawezi kusimama nusu saa akatolewa picha ya harusi yuko katikati ya chakacha amefunga leso kiunoni. Sikwambii usiende harusini. Nakwambia usiseme huwezi kama unaweza kidogo, sema naweza kidogo na baadae naumia.

Kama chuma kitatolewa siku za mbele, gharama yake inafaa iwe kwa riporti ya daktari na iwe imeombwa kwa madai yenyewe, isipoombwa hakimu hawezi kukupa kwa huruma. Risiti hivo hivo. Dawa, eksirei, magongo, pesa ulizotoa mfukoni lazima uziombe kwa hesabu yake na uzionyeshe moja moja, ukisema nilitumia kama elfu themanini hivi na mkononi una risiti za elfu thelathini na moja, utapata hio thelathini na moja. Tuktuk za kwenda kliniki watu hawachukui risiti na hapo hua tunapoteza, sina la kukwambia. Kama ulikua na biashara na hukua na vitabu, usikate tamaa, Mahakama ya Rufaa mwaka 2005 ilishasema mapato si lazima yathibitishwe kwa makaratasi peke yake, wako watu wengi wanaokula kwa jasho lao na hawajui kuandika hesabu. Lakini usiipandishe. Muuza viazi karai akisema anaingiza laki moja kwa mwezi anaulizwa viazi gunia ngapi kwa siku, mafuta lita ngapi, na hesabu inamvunjikia mdomoni.

Picha za simu za pale ajalini kama unazo, usifikirie utamuonyesha hakimu kioo cha simu. Zinahitaji kuchapishwa na cheti maalum cha ushahidi wa kielektroniki, na ziwe zimepelekwa kwa faili. Mpe wakili leo.

Haya, siku yenyewe. Kwanza hakikisha ni koti gani, manake wako watu wameamkia mjini kumbe kesi iko Shanzu. Siku moja kabla wakili au karani wake anaweza kuangalia orodha ya kesi za siku, hua inawekwa mtandaoni, inaonyesha hakimu na chumba, na pia kama ni kwa lingi ya video au ni kufika mwenyewe. Ikiwa ni kwa lingi, tafuta chumba kitulivu chenye intaneti, ukae peke yako, asiwepo mtu pembeni anakunong'oneza, wanaona macho yako yanavyokwenda. Ila kwa ushahidi mie napendelea ufike, mtu akisimama mbele ya hakimu na fimbo yake ni kitu kingine.

Kutoka Mikindani usijiamini. Malori ya kontena yakilala Changamwe hakuna anaepita, na Makupa asubuhi unaijua. Toka saa kumi na mbili, uwe mlangoni saa mbili, koti huanza saa tatu. Ukichelewa na jina lako likaitwa haupo, na upande wa pili upo, kesi inaweza kutupwa hapo hapo. Kuna ombi la kuirudisha, ndio, lakini utaeleza kwa kiapo kwa nini, na sababu ya foleni ya Makupa hakimu nae aliipita asubuhi hio hio.

Vaa vya heshima, buibui lako la kila siku latosha. Kunywa chai na mahamri nyumbani manake unaweza kukaa kwa benchi mpaka saa saba. Beba kitambulisho asilia, eksirei zenyewe zile filamu kubwa, kadi za hospitali, risiti asilia ulizobaki nazo, na dawa zako. Simu izime kabisa, si kuiweka mtetemo. Mwanzo karani atasoma kesi zote za siku, ukisikia yako wakili atasimama, hapo hakimu atagawa saa, nyingine zinaahirishwa, nyingine zinatajwa tu zinapewa tarehe. Yako ikiahirishwa usitoke ukinung'unika, hakikisha umeiandika hio tarehe mpya kabla hujapanda matatu. Yule wa bodaboda kama ni shahidi wako atakaa nje mpaka wewe umalize, na msikae korido mkipanga maneno, kuna watu wa bima wamekaa benchi hilo hilo.

Ukiitwa kizimbani karani atakuuliza dini, atakupa msahafu, utaapa. Kisha omba mambo mawili bila haya. La kwanza lugha: mahakama hizi za chini sheria inaruhusu Kiingereza au Kiswahili, kwa hivo sema nitaongea Kiswahili, hata kama Kiingereza unakijua kidogo. Kiingereza cha kujaribu ndo hicho mtu anasema "I was crossing" kumbe alikua amekaa kwa bodaboda. La pili kiti, mwambie hakimu mguu hauwezi kusimama sana.

Halafu angalia mkono wa hakimu. Mahakimu wengi bado wanaandika kila kitu wenyewe. Sema sentensi moja, ngoja mkono utulie, sema nyingine. Shahidi anaemwaga maneno kama mfereji wa maji nusu ya ushahidi wake haufiki kwa karatasi. Hata wakili akikuuliza, jibu umuelekee hakimu, yeye ndo unaongea nae.

Wakili wako ataanza, maswali mepesi. Kisha wa bima anasimama kukudodosa, hapo ndo unapoogopa wewe. Maswali ya bodaboda nakupa sasa hivi uyalalie: mlikua wangapi, ulivaa helmeti, ulivaa jaketi la kung'aa, dereva wa bodaboda alikua na leseni, alikua akiongea na simu, ulimuona amelewa. Sheria yataka abiria mmoja tu, na helmeti na jaketi kwa nyote wawili. Kama hukuvaa helmeti sema sikuvaa. Usiseme ilianguka. Helmeti haikingi mguu, na hilo wakili wako atalieleza hakimu kwa maandishi mwisho wa kesi, lakini ukidanganya kwa helmeti hakimu atajiuliza na kuhusu mguu unadanganya. Mlikua watatu? Sema watatu, pengine hakimu atakukata asilimia fulani ya makosa, ni bora asilimia kuliko kesi nzima.

Akiuliza la ndio au la, jibu ndio au la kisha unyamaze. Ule ukimya wake baada ya jibu ni mtego, anakungojea ujaze. Swali hukulifahamu, sema sijafahamu. Hukumbuki, sema sikumbuki, si aibu, miaka miwili imepita. Akikupa karatasi mkononi usikubali yaliomo kabla hujasomewa. Na asikukasirishe, wengine hua wanachokoza makusudi, mie pia nilikua nikifanya, Mungu anisamehe. Akimaliza, wakili wako anapata nafasi ya kusimama tena kunyoosha palipopinda, kwa hivo ukiona umejikwaa usianze kujitetea mwenyewe.

Kuna kitu kimoja hukuniuliza na ndo kinachotokea sana. Asubuhi hio hio, kwa korido, wakili wa bima atamvuta wakili wako pembeni wazungumze. Atarudi akwambie wanataka tukubaliane, tugawe makosa themanini kwa ishirini, au wanatoa pesa kadhaa tumalize. Si ubaya, wakati mwingine ni bora kuliko kungoja. Lakini fahamu hesabu: themanini kwa ishirini maana yake hakimu akisema fidia yako ni laki tano, wewe unapata laki nne, na mkato huo unagusa na risiti zako pia. Uliza kiasi gani, gharama za kesi na wakili nani analipa, mkononi mwangu inafika ngapi, na lini. Omba dakika ishirini ukae, mpigie simu mumeo. Wakili akikwambia hapana nafasi ya kufikiri, hapo ndo ufikiri zaidi. Ikishaandikwa mbele ya hakimu huwezi kurudi wiki ijayo kusema ulikua na njaa ulikubali tu.

Ukitoka kizimbani siku hio kazi yako imeisha kwa sehemu kubwa. Watakuja daktari na polisi, au riporti zitakubaliwa bila wao, kisha upande wa matatu, kisha mawakili wanaandikiana, kisha tarehe ya hukumu, ambayo kanuni yasema isizidi siku 60 baada ya kesi kufungwa ingawa wakati mwingine utaambiwa haijakua tayari. Hukumu ikitoka na hujaridhika, rufaa ni ndani ya siku 30, kwa hivo siku hio uwe unapatikana kwa simu.

Shemeji mwachie watoto siku hio. Na ile kadi ya hospitali yenye jina tofauti, ipige picha pamoja na kitambulisho, pande zote mbili, umtumie wakili wako leo kabla hujalala.